Mahamali Mlangoni pa Bi Zuhura

Nakiri ujinga wangu: juzi nilimlilia matanga mtu aliye hai. Mimi ni mtu wa ndani, mtaa nauonea dirishani. Nikaona mahamali wawili wametua jeneza la msikiti mlangoni pa jirani yangu, Bi Zuhura. Ana homa tangu Ijumaa, nami sijaenda kumjulia hali, na ukuta wetu ni mmoja. Moyo ukanipasuka: radhi nitamwomba nani sasa? Neno hamali, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mbebaji tu. Mimi nikaona Ziraili wawili. Nikashuka ngazi, nikapiga mayowe, kichochoro kikajaa watu.

"Bi, jeneza hili ni tupu," hamali mmoja akasema. "Twalipeleka kwa seremala, tumepumzika tu."

Mlango ukafunguka, Bi Zuhura akanitazama.

"Kuja kunitazama mgonjwa hukuja, Khadija, kuja kunililia umewahi!"