Leso Juu ya Televisheni

Mamangu hakupenda kupigwa picha. Alipofariki alituachia moja tu, ya kitambulisho, na sura aliyonayo mle ni ya mtu aliyeambiwa asipumue. Aliyetaka kumuona akitembea, akigeuka, akisema na watu, hakuwa na pengine pa kwenda isipokuwa kwenye kanda ya vidio ya kupamba kwa dada yangu. Na kanda hiyo, kufikia mwisho wa miaka ya tisini, ilikuwa imeota kuvu.

Kupamba, kwetu Mji wa Kale, ni shughuli ya wanawake watupu. Bi harusi huketishwa jukwaani, amepambwa tangu utosini hadi nyayoni, macho chini, na ukumbi mzima humtazama yeye. Mabuibui huvuliwa mlangoni. Kina mama ambao barabarani huwajui ila kwa mwendo wao, mle ndani wamejaa dhahabu na asumini, na wakishajifunga leso kiunoni hakuna wa kuwatuliza.

Mimi sikuwapo. Nilikuwa mzazi, na mzazi kwetu pia ni mwanamke aliyetoka kujifungua. Kitovu cha mwanangu kilikuwa hakijadondoka, na mzazi hatoki nje mpaka arobaini iishe. Nikabaki nyumbani, mwili umekandwa, tumbo limefungwa, nikisikia ngoma za harusi ya dada yangu kwa mbali. Nililia kwa hasira. Katikati ya shughuli nikaletewa sahani ya biriani imefunikwa kawa. Nikadhani wapishi wamenikumbuka, nikaila bila ya kuuliza, huku nimenuna.

Kamera ilishikwa na mwanamke. Hata hivyo wageni walisita kuvua, mpaka mamangu mdogo, mdogo wake mamangu, aliposimama mbele yao akawaambia kwamba kanda ile haitaonwa na mwanamume, awe mume, awe ndugu, awe mwana. "Ni amana juu yangu," alisema, na maneno hayo yamo kwenye kanda yenyewe, mwanzoni kabisa. Wakavua.

Miaka ya mwanzo tuliitazama mara nyingi. Tulifunga mlango, tukashusha pazia, tukaketi mkekani kuwatazama wachezaji: nani alivaa nini, nani alimshinda nani kwa kiuno. Mamangu alikuwa akipita pita na chetezo cha udi, akigeuza uso kila kamera ilipomwelekea, nasi tukibonyeza rimoti tumpitishe mbio. Mwenyewe alikuwa ameketi papo hapo ubavuni mwetu, akijicheka anavyokwenda upesi upesi. Nani hutazama picha ya mtu anayeweza kumgusa?

Alipofariki hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitia kanda ile kwenye deki. Ikakaa kabatini, na kabati la Mombasa halimtunzii mtu kitu, si nguo, si kitabu. Siku nilipoitoa niliona utando mweupe pembezoni mwa mkanda, na roho ikanipaa. Nilijiona kama mtu anayeambiwa mgonjwa wake amezidiwa naye hakuwa na habari kwamba anaumwa.

Karibu na Biashara Street palikuwa na fundi wa redio na vidio, mtu wa Rabai aliyekuwa akikaa Buxton, mpole, wa maneno machache. Alikuwa ameletewa kutoka Dubai kisanduku cheusi, nacho alikipenda kuliko vitu vyote dukani. Kompyuta hakikuitaka. Unakiunga na deki kwa nyaya tatu, wa manjano wa picha, mwekundu na mweupe wa sauti, unakiunga tena na televisheni, unabonyeza kitufe, na kila kinachopita kwenye kanda kinaandikwa kwenye sidii. "Sidii haioti kuvu," aliniambia, akikipangusa kisanduku chake kwa ncha ya shati.

Aliifungua kanda, akaisafisha taratibu kwa pamba na spiriti. Kisha akanieleza ukweli wake. "Dada, hii itapita mara moja. Ya pili sikuahidi. Na sidii tupu nimebakiwa na moja, haimezi kanda nzima. Itabidi uchague."

Sikuwa na la kuchagua. Wachezaji na dhahabu zao nilikuwa sina haja nao. Nilimtaka mamangu.

Siku ya kazi mamangu mdogo, niliyekuwa nikikaa naye nyumba moja, aliandamana nami, kanda ameikumbatia chini ya buibui. Fundi alimwamkia, shikamoo mama, naye akamwitikia marahaba mwanangu, hali yako, watoto hawajambo, nyumbani salama, mpaka salamu zikaisha. Ndipo akamwambia, "Kanda hini haionwi na mwanamume."

"Nitawapa mgongo, mama. Lakini deki lazima ikae wazi na mimi nilishike gurudumu kwa kidole. Nikiiacha itameza mkanda."

"Basi izime televisheni."

"Sauti yatoka humo humo, mama. Bila ya sauti mtajuaje pa kuanzia?"

Kuigeuza pia haikuwezekana, maana aliifungia ndani ya kizimba cha chuma ukutani kwa kuogopa wezi, na kizimba kimeelekea dukani na barabarani kote. Mamangu mdogo aliitazama televisheni ile kama anavyomtazama mtoto mtukutu. Kisha akatoa mkobani leso alizotoka kuzinunua saa ile ile, doti moja ambayo hata haijapindwa, hizo ambazo wenzetu wa bara huziita kanga. "Mato hayana pazia, mwanangu," alimwambia fundi. "Sasa pazia tutatia hapa." Akaifunika televisheni kizimba na vyote, akapitisha ncha kwa nyuma penye nyaya, akavuta kwa nguvu zake zote, akapiga fundo. Jina la leso likawa limetuelekea sisi: *Mtasema mchana usiku mtalala*. Fundi alilisoma, akainama upesi kwenye deki yake asionekane akicheka.

"Mtamjuaje, sasa?" aliuliza, mgongo ametupa kama alivyoahidi.

"Kwa kigelegele chake," nikamwambia.

Kigelegele cha mamangu kilikuwa na ila. Kilianza juu, kikakatika katikati kwa sababu ya pumu, kisha kikaanza tena pale pale kilipoishia, kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukumbi wenye wanawake mia usingeweza kunichanganya.

Tukaketi, macho kwenye maua ya leso. Kwanza ulisikika mvumo, kisha sauti ya mamangu mdogo mwenyewe, ya ujanani zaidi: "Ni amana juu yangu." Mwenye sauti akatikisa kichwa kuikubali, kama aliyeapishwa upya. Zikaja ngoma, vicheko, mtu akiulizia kiatu chake. Fundi alikuwa na kidole kwenye gurudumu na macho ukutani, wala sijapata kumuona mwanamume akitazama ukuta kwa adabu kama ile. Kisha kikaja. Kilipanda, kikakatika, kikaanza tena. Nikapiga meza kwa kiganja, na fundi akabonyeza.

Nilitaka kuinua ncha ya leso niibe jicho moja tu. Mamangu mdogo alikuwa ameshaiwekea mkono. "Utamuona nyumbani," aliniambia pole pole. "Umtazame mpaka ushibe." Nami nilimtamani mamangu siku ile kuliko nilivyopata kumtamani tangu tumzike, kwa kuwa alikuwa hapo, nyuma ya kipande cha pamba, akisema na watu.

Sidii ilipokuwa karibu kujaa, mkanda ulikatika. Fundi akajitahidi kuutoa bila ya kuurarua zaidi, kisha akauliza aijaribu ile sidii, atazame kama imeshika.

"Uitazame kwa mato ya nani?" mamangu mdogo alimuuliza.

Fundi akaitia sidii kwenye bahasha, akanipa. Nasi nyumbani hatukuwa na mashine ya sidii. Dada yangu, aliyeolewa Muskati, ndiye angekuja nayo.

Jioni ile ile mamangu mdogo aliichambua kanda kwa mkasi na kuiteketeza uani kwenye seredani ya makaa. Nilimuuliza kwa nini asiitupe tu, nayo imekwisha kukatika. "Taka zote za mji huu huishia Kibarani," alisema, "na Kibarani kuna watu wa kuokota. Mtu ataiunga." Moshi ulinuka vibaya, majirani wakauliza kulikoni. Mimi sikujali. Sidii ilikuwa chini ya mto wangu, na niliilalia mpaka dada alipofika.

Alifika na mashine. Tukafunga mlango, tukashusha pazia kama zamani, tukaketi mkekani watatu. Dada akatia sidii.

Ikatoka buluu. Buluu tupu, ya pembe hadi pembe, na ndani yake wanawake wanacheka.

Tulingoja. Dada akapiga televisheni kofi, akachomoa nyaya, akazichomeka upya. Kigelegele cha mamangu kilipita juu ya ile buluu na hakuna mtu. Nikavaa buibui, nikaenda kwa fundi karibu mbio. Aliponisikiliza alikaa kitako kwenye kibago chake. "Nilipoifungua ile leso," alisema, "niliukuta waya wa manjano, ule utokao deki kwenda kisandukuni, unaning'inia. Nikadhani umechomoka wakati wa kufungua." Ulichomoka wakati wa kufunga, mamangu mdogo alipovuta ncha kwa nguvu zake zote. Waya wa picha ulikuwa chini tangu mwanzo, na sisi tuliketi tukiilinda kwa heshima zote televisheni isiyokuwa na kitu. Fundi alisema pole, akasema tena pole, nami sikuwa na ubaya naye.

Ubaya wangu niliupeleka nyumbani. Nilimwambia mamangu mdogo kwamba amemzika mamangu mara ya pili, na safari hii kwa moto. Aliinuka akaenda jikoni kupika. Nafikiri hilo lilinizidisha. Siku zilizofuata sikusema naye na chakula alichopika sikukigusa. Nilikula vitumbua vya kununua njiani, au sikula. Yeye alifunika sahani yangu kwa kawa kila mchana, na kila jioni akaifunua kama alivyoiacha.

Dada alipokuwa karibu kurudi kwake, alasiri moja alitia tena ile sidii. Mimi nilikuwa nikipita na nguo za kuanika.

"Ndoo hapa usikilize," aliniita.

"Nisikilize nini, buluu?"

"Kaa basi." Alinivuta mkono. "Mimi usiku ule nilikuwa jukwaani, si ndiyo? Basi sikuona kitu. Niliona mapaja yangu na hina yangu. Mama nilimsikia tu, akienda akirudi, hivi hivi. Hii ndiyo harusi yangu kama nilivyokuwa nayo. Ile ya picha ilikuwa yenu."

Nikakaa. Nguo nikazipakata zikinilowesha. Tukamsikia mamangu akija, bangili zikigongana, akamwambia bi harusi wake, "Inamisha mato, mwanangu." Dada, mwenye watoto wake na nyumba yake, akayainamisha. Mimi nami nikayainamisha, maana hapakuwa na cha kutazama. Nilimsikia akimwambia mwenye kamera, "Mimi usinitie. Mimi n'na kazi," na sauti ikageuka, ikaenda mbali kidogo, ikawa inasema na mtu mwingine chini ya ngoma. Zamani hapo ndipo tulipokuwa tukibonyeza rimoti.

"Mzazi wangu amepelekewa chakula?"

"Bado, bi. Twangoja wageni wale kwanza."

"Wageni watangoja. Mpelekeeni sasa hivi, mumtilie na nyama. Yule akinuna hali mpaka abembelezwe, namjua mwanangu."

Kisha kigelegele, na pale kilipokatika, na pale kilipoanza tena.

Dada alinitazama. Mimi niliitazama ile buluu. Mzazi wangu. Neno hilo hilo ndilo ningemwitia yeye lau ningekuwa na mtu wa kuitika, na nililitamka, kwa sauti ndogo, huku nimekumbatia nguo mbichi.

Mamangu mdogo alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Alikuwa amesikia. Aligeuka, tukasikia kifuniko cha sufuria jikoni, na maji ya kunawa yakitiwa kwenye bakuli. Akarudi na sahani imefunikwa kawa, akaiweka mkekani mbele yangu, akaketi.

"Kula," aliniambia. "Umesikia mwenyewe."

Haikuwa biriani. Ulikuwa wali wa nazi na mchuzi wa papa. Nikanawa, nikafunua kawa, nikala wote.