Injini Iliyotoka kwenye Mashine ya Mama

Katika siku zote nilizoishi, mwanangu, kuna moja inayonirudia kila ninaposikia gari linapanda mlima kwa shida. Ni siku mama yangu mzazi aliponipa ndoo ya mahindi na kuniambia niimwage yote.

Keti, Paluku. Weka hiyo simu chini, na usijali kelele za mashine ya kusagia huko uani, tutasikizana tu. Umekuja kuniomba baraka ununue injini ya esansi uliyoiona kwa mafundi wa Birere, hiyo esansi ambayo wenzetu wa Uganda wanaiita petroli. Unataka uifunge kwenye pikapu yako kuukuu ili ivute trela ya viazi. Baraka sikunyimi. Lakini mjukuu wangu hawezi kwenda kuchagua injini kabla hajajua sisi tuliichaguaje yetu.

Wakati huo mimi na babu yako Kambale tulikuwa vijana, tumeoana juzi juzi, na pikapu moja ndiyo ilikuwa mali yetu. Tulipakia viazi na maharagwe upande wa Rutshuru, tukauza hapa Goma. Kisha wakimbizi wakavuka mpaka. Mji ukafurika, na kule Mugunga, kwenye barabara ya Sake, ukawa unaona maturubai tu kila upande. Watu wote wale walitaka kula, na pikapu yetu ilibeba kidogo mno. Babu yako akapata trela ya zamani ya trekta, iliyotupwa kwenye shamba la kahawa. Tukaifunga nyuma, tukaijaza, tukaondoka tukicheka. Kwenye kupanda kuja Kibumba maji yakachemka, injini yetu ndogo ikatetemeka, ikatoa moshi, ikafa. Tuliingia mjini tukivutwa kwa kamba nyuma ya lori la watu, na hatukuwa tukicheka tena.

Basi tukaanza kutafuta injini nyingine. Fundi mmoja pale Birere alikuwa na moja ya esansi, silinda sita, iliyotolewa kwenye gari lililopinduka. Akaiweka chini juu ya matairi, akaiwasha. Ah, mwanangu, sauti ile. Wapita njia walisimama kuisikiliza. Mimi mwenyewe niliipenda, sikufichi, nikajiona tayari nimekaa mbele na kitambaa changu kipya kichwani, tunawapita wenzetu wote barabarani. Babu yako peke yake alikuwa anajikuna kidevu.

Mama yangu aliishi Kalengera, kando ya barabara kuu. Alikuwa Munande wa upande wa Butembo, mjane, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Baba alipofariki alimwachia mashine ya kusagia mahindi, na mashine ile ilizungushwa na injini ya lori la zamani, injini ya mazutu, ile wanayoiita dizeli, nzito, ndefu, iliyofungwa mkanda mpana. Mimi nilikua nikiisikia kila siku. Tulipanda hadi kwake kwa lori la watu ili nimsimulie habari za injini nzuri ya Birere, naye alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ile motere muliisikia wakati iko inafanya kazi gani?" akauliza.

"Iko chini tu, mama, juu ya matairi. Fundi aliiwasha."

"Kumbe haina kazi. Hata miye nikikaa bure niko na sauti muzuri."

Babu yako alicheka, mimi sikucheka. Mama akainuka, akaiwasha mashine yake, akanipa ile ndoo. Sasa elewa, Paluku, mahindi hayamwagwi yote mara moja. Unamimina kidogo kidogo, ili injini isibanwe. Nilijua hivyo tangu nikiwa mdogo, na yeye ndiye aliyenifundisha.

"Mwaga yote," akasema.

"Mama, itazima."

"Mwaga."

Nikamwaga. Sauti ya injini ikashuka, ikazidi kushuka, moshi mweusi ukajaa kibandani, na nikahisi ardhi inatikisika chini ya nyayo zangu. Nilidhani ndiyo basi, nimeiua mali ya marehemu baba. Lakini haikuzima. Ilikaa palepale chini, ikayatafuna mahindi yote bila haraka, kisha ikapanda yenyewe mpaka kwenye sauti yake ya kila siku. Mama hata hakuigeukia. Alikuwa ananitazama mimi.

"Motere ya kuvuta inasikilizwa wakati imebanwa," akasema. "Ile yenu nguvu yake iko juu, mupaka ilie sana ndiyo inasogea. Kwa mulima, na muzigo nyuma, itakunywa esansi yote na itabaki fasi moja tu, haipandi. Hii nguvu yake iko chini, na kwa mulima unaanzia chini."

Halafu akasema neno ambalo sikulitegemea. Alisema tuichukue.

Nilibisha, mwanangu. Mashine ile ndiyo iliyotulisha na kutusomesha, na alikuwa hana kingine. Akaniambia wakulima wengi wanayakimbia mashamba yao kwa kuogopa vita, mahindi yameisha sokoni, na injini inayolala inaoza. Tukiwa na gari tutamletea unga. Lakini alininyooshea kidole, na mama yangu hakuwa mtu wa kunyoosha kidole ovyo.

"Sikia muzuri. Hii motere haijatembea hata siku moja. Kuvuta inajua, kushuka mulima haijui. Usibebe mutu hata mumoja na hii kitu kama haujaweka freni ya nguvu, kwa gari na kwa remoriki ya nyuma. Hata kama ni miye munakuja kuchukua."

Nikasema ndiyo, mama. Ndiyo ya haraka, ile mnayopenda kutupa ninyi vijana ili tunyamaze.

Tuliishusha kwa lori, tukaifanyia kazi hapahapa Majengo, uani, kwenye mawe haya meusi. Babu yako alijua kitu ambacho wengi hawakijui: injini haibadilishwi peke yake. Ile ya mama ilikuwa nzito, ikaikandamiza pikapu mbele, basi akaongeza majani ya springi. Klachi yetu ndogo isingeishika nguvu ile hata wiki, akatafuta klachi na giaboksi za lori la aina hiyohiyo, vitu vinavyojuana. Akaweka rejeta kubwa mpaka ikabidi akate chuma cha mbele. Majirani walikuja kututazama kama sinema. Wakaipa pikapu yetu jina la Bunga, yaani unga, kwa kuwa injini yake ilizoea kusaga, na watoto wakaja kutuuliza leo tunasaga kilo ngapi. Niliwaacha wacheke. Nilipoiwasha mara ya kwanza na kuisikia sauti ya nyumbani kwetu ikitoka ndani ya gari, nilitoa machozi, na mwenye kunicheka na anicheke.

Kilichobaki ni breki; za gari alizibadilisha upesi, taabu ikawa za trela. Trela za trekta za zamani hazina breki, na babu yako alihangaika mji mzima kutafuta ekseli yenye breki zake. Aliipata kwenye lori lililoungua, na alikuwa chini ya trela anaifunga wakati watu walipoanza kuteremka kutoka Rutshuru na magodoro vichwani. Walisema mapigano yanakaribia Kalengera.

Nilichukua ufunguo. "Toka chini, tunaenda."

"Freni bado," akajibu kutoka chini.

"Kambale, ni mama yangu huyo."

"Na neno ni lake."

Nilimwambia mengi, mwanangu. Nilimwita mwoga mbele ya majirani, nikamuuliza kama mama yake mwenyewe angemwacha kule. Nilisikia tu spana inaendelea kugonga chuma. Nikaketi kwenye jiwe nikalia kwa hasira. Nilipochoka kulia nilifunga kitenge vizuri, nikaingia chini ya trela nikamshikia mabomba ya breki, maana kazi ya watu wawili huisha mapema kuliko ya mmoja.

Asubuhi iliyofuata tulipanda. Barabara nzima ilikuwa inashuka, watu, mbuzi, chukudu zile za mbao za kusukuma zimelemewa na mizigo, na sisi peke yetu tunaelekea wanakotoka. Pale Rumangabo mzee mmoja aligonga mlango wetu akituuliza kama tuna akili timamu. Nilikuwa nimeshika rozari mkononi na sikuweza kuisali, nilikuwa ninamwona mama tu.

Tulimkuta ameketi mlangoni pa kibanda cha mashine, kikapu pembeni, majirani zake wamemzunguka. Sauti za bunduki zilisikika mbali, kama mtu anayepasua kuni. Nilishuka mbio nimkumbatie. Hakunipokea. Aliinama, mikono magotini, akachungulia chini ya trela.

"Freni iko wapi?"

Babu yako akamwonyesha. Akaigusa kwa kidole, akanyooka, ndipo akanikumbatia. Kisha akaanza kuwapandisha watu: kwanza wagonjwa, halafu wazee, halafu akina mama wenye watoto wachanga. Yeye alipanda mwisho, akajibana kwenye pembe ya trela na kikapu chake mapajani.

Kwenye kupanda Rugari magari mengi yalikuwa yamesimama, boneti wazi, mvuke unatoka. Mengine yalikuwa mazuri kuliko letu kwa mbali. Bunga ikaingia mlimani na trela imejaa pomoni, na sauti yake ikashuka. Ikazidi kushuka. Naijua sauti ile, mwanangu, nilikuwa nimeisikia siku ya ndoo. Babu yako alinitazama kwa wasiwasi, nikamwambia aiache, haizimi. Huko nyuma mama alikuwa anapiga ubao wa trela kwa kiganja na kuwaita waliokuwa pembeni ya barabara wampitishie watoto wao.

"Leta ule mutoto. Leta na mwingine. Inaweza."

Na iliweza. Ilipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, lakini haikusimama, ikayapita magari yote yale mazuri. Nilijivuna siku ile, na leo nikikusimulia bado najivuna.

Baada ya Kibumba barabara inaanza kuteremka kuja mjini. Babu yako aliweka gia ya chini mapema, kabla ya mteremko, nawe ufanye hivyohivyo. Kwenye kona moja tukakuta lori limekatika ekseli, limelala katikati ya njia, na watu wamekaa chini pande zote mbili. Hakukuwa na pa kupitia. Akakanyaga breki. Nilifumba macho nikisubiri trela ije itusukume mgongoni, na haikuja. Matairi yalipiga kelele kwenye mawe, tukasimama. Nilipofumbua macho, mbele ya bampa letu, karibu kabisa, alikuwa mtoto ameketi juu ya mzigo anakula kiazi kitamu. Hakuwahi hata kuinuka. Alilitazama bampa, akaendelea kula.

Niliteremka, nikaenda nyuma kumwangalia mama.

"Siku nilikupa motere, nilikupa nusu," akaniambia. "Nusu ingine ni bwana yako ameiweka."

Nikarudi mbele, nikaushika mkono wa babu yako, mkono mchafu wa grisi, mbele ya watu wote wale. Mpaka anafariki hakunikumbusha hata mara moja lile jina nililomwita.

Baada ya hapo vita viliondoka, vikarudi, vikaondoka tena. Bunga ilivuta tanki la maji mpaka Mugunga, ilivuta malori yaliyozama kwenye matope ya Sake, na kila watu walipokimbia ilivuta watu. Hakuna aliyeuliza tena tunasaga kilo ngapi. Mama aliishi nasi hapa Majengo hadi uzee, akafia kitandani mwake tukiwa tumemzunguka, na kwa miaka ile hiyo haikuwa zawadi ndogo.

Sasa sikiliza, mwanangu, hili ndilo ulilolifuata. Usiipende injini kwa sauti yake ikiwa imekaa bure. Uliza imefanya kazi gani na imemtumikia nani. Ipe mzigo, usikilize inavyoshuka, uone kama itapanda yenyewe. Ukiichukua, jua umechukua na springi, na klachi, na rejeta, na breki za mbele na za nyuma, na kama huna uwezo wa hivyo vyote, subiri, viazi havina miguu. Wakikucheka waache. Na siku utakapomaliza, niite kabla hujapakia. Magoti yananiuma, lakini nitainama nichungulie.

Mungu akupe nguvu ya kuanzia chini na nguvu ya kusimama kwenye mteremko. Akupe mke atakayekugombeza kisha aingie chini ya gari akusaidie. Wote utakaowabeba wafike, na nyumbani kwako pasikose unga.

Hiyo mashine unayoisikia uani, Paluku, pikapu ilipoliwa na kutu tuliirudishia injini yake. Ni ileile. Kabla hujaenda Birere, chukua ndoo iliyo hapo mlangoni, nenda ukamwage yote, usikilize.