Nilivyompelekea Baba Mdogo Sanda Yake

Nichekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka najifunika kanga usoni nikiwa peke yangu ndani. Mimi ndiye yule fundi cherehani wa Manundu niliyempelekea baba yangu mdogo sanda, naye mzima wa afya.

Chanzo ni riwaya. Shoga yangu wa Masuguru aliniazima akanionya, "Hii usiisome na kazi mkononi," nami nikaisoma na kazi mkononi, tena kazi yenyewe gauni la harusi la Zuhura, binti wa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, harusi Jumamosi na siku hiyo ni Alhamisi asubuhi na kitambaa sijakigusa hata kwa mkasi (mama yake nilishamwambia bado vifungo tu, Mungu anisamehe). Nikasema nisome kurasa mbili, halafu nikate. Kumbe ndizo kurasa ambamo Idrisa, aliyepotea miaka saba, anarudi siku mchumba wake Nuru anaolewa na ndugu yake mdogo, anapewa chai, anakunywa, anaanguka na kukata roho mapajani mwa Nuru kabla hajasema ni nani aliyempoteza. Jamani! Nilipiga ukunga mpaka kuku wakakimbia.

Mama Zuhura huyo mlangoni, mikono imejaa unga. "Mwanaidi! Nani?"

Kwetu mwanamke akilia vile haulizwi kuna nini, anaulizwa nani. Sasa ningemjibu Idrisa, wakati kitambaa cha mwanawe nimekikalia? Nikaona nitaje mtu wa mbali, nipewe pole, aondoke nikakate gauni. Nikasema, "Baba mdogo. Wa Handeni."

Nilisahau kwamba Mwislamu hacheleweshwi kuzikwa. Mama Zuhura alitoka mbio, na kabla sijaficha kitambaa vizuri mikeka ilishatandikwa uani kwangu, wanawake wamenishika huku na huku (hata chooni nilisindikizwa), Ustadh wa msikiti wetu kaja na sanda, na Coaster imesimama nje ina kuni na gunia la unga juu ya paa. Nikajaribu kusema jamani msisumbuke, nitakwenda mwenyewe. "Uchungu huo," akasema Mama Zuhura, akanibeba kunipandisha garini. Wakampigia marehemu simu, haipatikani, na ni kawaida yake, huizima kulinda chaji. Wao wakaona ndiyo imethibitika.

Njia nzima nililia kweli, si kwa Idrisa tena. Kila nikifungua mdomo niseme ukweli, mama mmoja ananikumbatia.

Tulimkuta marehemu uvunguni mwa ghala lake anapukuchua mahindi. Wanawake walishaanza kulia tangu barabarani, wakashuka kwa vilio, naye mzee wa watu alipoona gari zima la waombolezaji na sanda mbele akatupa gunzi, akashika kichwa, na yeye akaangua kilio: "Nani kafa hapa kwangu?"

Ustadh alimtazama, akatazama sanda, akanitazama mimi. "Mzee, shikamoo," akasema taratibu. "Tumeambiwa ni wewe."

Baba mdogo akajipapasa kifua. Halafu akaniita, "Mwanaidi mwanangu, mimi nimekufa na nini?"

Nikasema. Nikasema yote, Idrisa, chai, Nuru, mbele ya watu wazima waliofunga maduka yao kwa ajili yangu. Baba mdogo akawahesabu watu kwa kidole, macho yakamlegea. "Wote hawa walikuja kunizika mimi?" Akapita akiwashika mikono mmoja mmoja kwa shukrani, akaamuru ule unga usongwe ugali watu wale. Ustadh alipoanza kukunja sanda, mzee akamzuia: "Hiyo iache. Mmeshaileta."

Mama Zuhura peke yake hakula. "Kumbe asubuhi ulikuwa unasoma," akasema. "Na gauni?"

Ijumaa nzima alikaa kwenye kigoda mlangoni kwangu, kitabu amekikalia, mpaka nikamaliza mshono wa mwisho. Mkono mmoja ulitoka mpana kuliko mwenzake, lakini Zuhura aliolewa amevaa. Harusini kila mtu alinipa pole ya msiba, na mpaka leo sijui nani alimtilia sumu Idrisa.

Nilidhani yameisha. Mwezi uliopita nge akaniuma kidole cha mguu jikoni, nikapiga ukunga kama ule ule. Hakuja mtu. Nikasikia tu sauti ya Mama Zuhura ng'ambo ya ukuta, imetulia kabisa: "Umefika ukurasa wa ngapi?"

Nilijikongoja peke yangu hadi zahanati, nikiapa njia nzima kwamba nikiulizwa tena nani, nitamtaja huyo huyo ninayemlilia, hata kama hajawahi kuzaliwa.