Wawili kwenye Namba Nne

Enos alitoka jeshini na vitu viwili: ufundi wa redio na woga wa wanawake. Kampuni ya kahawa ya Jinja ikampa kompyuta aitunze, na kila jioni, ukungu ukipanda kutoka ziwani, alituma taarifa za magunia kwa simu hadi tawi la Mbale. Huko mpokeaji alikuwa binti aitwaye Khainza. Taarifa zikiisha, maneno yao ya Kiswahili, lugha pekee waliyoelewana, yaliendelea kuelea kwenye kioo cha kompyuta, mstari kwa mstari, na Enos akawa anaishi humo kama mtu aliye usingizini. Hakuwahi kumwona. Alimpenda hivyo hivyo. Mapenzi ni kikohozi.

Tatizo ni kwamba kila alipokaribia kusema neno lenyewe, mkono ulikimbilia kipanya kwa wasiwasi, na simu ikakatika. Mwanzoni Khainza alicheka. Baadaye akamwandikia kwamba mwanamume anayekata simu kila akiulizwa nia yake, basi nia hana.

Hilo lilimchoma. Akaifungua mashine, akakuta kosa ni lake. Kila kifaa huipigia kompyuta hodi kwa namba yake. Alipofunga modemu, kile kifaa kinachoiunganisha kompyuta na simu, aliipa namba nne, ambayo tayari ilikuwa ya kipanya. Kambini kitanda kimoja hulaliwa na wawili: mmoja akiwa lindo, mwenzake amelala. Askari bwana! Vifaa havijui zamu. Kipanya kikipiga hodi, modemu haisikilizwi tena, na simu inakufa. Akahamisha kipini kidogo kinachoipangia modemu namba, nayo ikapata namba tano.

Jioni ile simu ilishika. Akasogeza kipanya huku na huku, taratibu, kama anayepapasa ndoto. Haikukatika. Khainza akauliza tena nia yake, kisha akangoja. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini hiki cha Enos hakikuwa na mshindo wowote. Vidole vilikuwa vimeganda, na sasa hakuwa na cha kusingizia.

Maneno yakaja kutoka Mbale: "Leo simu haikukata. Ni wewe umenyamaza."

Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Akaandika upesi, kabla woga haujamrudia: "Mimi nataka kuoa wewe."

Kisha akakisukuma kipanya mbali na mkono wake.

"Baba hapendi Kiswahili," Khainza akaandika. "Anasema ni lugha ya askari walichukua ng'ombe yake. Kuja useme kwake hivyo hivyo. Mimi nitatafsiri."