Mjakaranda wa Usawa

Kinyozi wa mtaani kwetu walimbandika jina la Usawa, maana hakuvumilia unywele mmoja uzidi mwenzake. Hata mwenye upara hakutoka kitini bila kupitishiwa mkasi.

Mkewe alipopanda mjakaranda nje ya dirisha la jikoni, Usawa aliupokea kama mteja mpya. Ulipokua, kila mwaka alisimamisha ngazi na kuukata mpaka ukawa duara kama mpira. Majirani walisifia. Mkewe hakusifia, alikuwa akingoja maua.

"Baba watoto, uache mwaka mmoja tu, tuone utafanya nini."

"Utafanya fujo," Usawa akamjibu, huku matawi yakianguka.

Mkewe akaendelea kuosha vyombo dirishani, macho kwenye majani.

Kisha macho yenyewe yakaanza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Usawa akawa ndiye anayempakulia na kumwongoza uani. Kabla hajazoea kazi hiyo, ngazi ikamteleza, akavunjika nyonga. Tangu hapo akawa wa mkongojo, na mti ukakosa wa kuugusa. Matawi yakatanuka ovyo hadi juu ya paa, naye akayatazama viganja vikimwasha.

Msimu wa pili, asubuhi moja, alifungua mlango akakuta mti mzima ni maua, jani hata moja halionekani. Akamleta mkewe chini yake, akavuta tawi na kumwekea kichala kiganjani.

"Rangi gani?"

"Zambarau."

"Zambarau ipi?"

Mtu aliyepiga soga na wateja kutwa nzima akayakodolea maua macho. "Kama lile gauni lako la harusi ya binti yetu," akasema mwishowe.

"Lile lilikuwa la kijani, mume wangu."

Usawa akainua uso. Kila kichala kilining'inia nchani mwa tawi, palepale mkasi wake ulipozoea kupita.

"Kumbe nilikuwa nayakata mimi," akasema.

"Najua. Nipe kingine."

Siku hizi maua yakimwagika uani, Usawa hafagii mpaka mkewe aamke ayakanyage pekupeku. Husimama kando na mkongojo wake, akimtazama anavyoelekeza uso juu.