Mlango wa Chuma wa Mwambachini

Chini ya milima ya Kondoa, katika mji wa mbilikimo uitwao Mwambachini, mtoto hujifunza kusikiliza reli kabla ya kujifunza kusoma. Binti mmoja aitwaye Sikudhani alifundishwa na baba yake, na alipokua akawa dereva wa treni ya mizigo, kutoka soko kuu la mji hadi kwenye lango lililo chini ya Dodoma. Akienda alibeba chumvi, majembe na visu. Akirudi alibeba mtama, alizeti na asali ya watu wa juu. Wachuuzi wa Kondoa walimjua kwa sauti. Ndani ya kichwa cha treni kimo chake hakikuonekana, lakini matusi yake kwa wapakiaji wazembe yalifika mbali.

Mumewe, Hamidu, alikuwa nyapara wa gangi, wale wanaobadilisha mataruma na kuzibua mifereji ya njia. Walipendana kama watu wa reli wanavyopendana: walionana kwa nadra, wakaaminiana sana.

Mwaka huo mvua zilizidi. Idi ilikuwa inakaribia na soko limefurika magunia, ndipo mwamba uliposhuka kwenye njia ya Dodoma. Maji yakaanza kutiririka. Walinzi wakakimbia kufunga mlango wa chuma unaotenganisha njia na soko. Nyuma ya mlango ule walikuwemo Hamidu na vijana wake watatu: Castory, Ulimboka na Silvano.

Sikudhani alishika nyundo akagonga reli. Reli ikajibu. Wote wazima. Mbele pamezibwa. Maji yanapanda polepole.

Abdulrahim, mwenyekiti wa baraza la soko, alifika akihema. Alikuwa mume wa dada yake Sikudhani.

"Wako hai?"

"Wako hai, shemeji. Hamidu anauliza wapande kwenye tundu la hewa au wangoje."

"Ngazi za tundu lile zimeoza, watavunjika shingo. Waambie wangoje hapohapo, tunawafungulia."

Akagonga: ngojeni, tunakuja. Hamidu akajibu kwa pigo moja, la kukubali.

Kisha wafanyabiashara wakaja, mmoja baada ya mwingine, kanzu wamezikunja mikononi. Kila mmoja alikuwa na mzigo sokoni, ambako maji yangemwagikia mlango ukifunguliwa. Walimvuta Abdulrahim pembeni, wakazungumza naye kwa sauti za chini, na aliporudi hakumtazama Sikudhani usoni.

"Tutangoja maji yapungue kwanza," alisema. "Chumvi ikilowa, nafaka ikilowa, mji mzima utakula nini?"

"Maji hayapungui! Yanapanda!"

"Baraza limeamua, shemeji."

"Basi niache niwaambie wapande wenyewe sasa hivi, njia ya kwenda kwenye tundu ingali kavu."

Abdulrahim akasema, kwa upole kabisa, "Ukiwaambia kwamba hatuji, kesho nani atakubali kufanya kazi ya gangi?"

Mlinzi akamnyang'anya nyundo. Alipojaribu kupiga reli kwa jiwe, wakamshika mikono, wakamtoa stesheni kama mwizi.

Alipanda ngazi za lango la Kondoa akilia kwa hasira. Huko juu alimkuta Khamisi, mfanyabiashara wa alizeti, akifunga turubai kwenye mzigo wake.

"Kaka Khamisi, una kamba?"

"Ninayo. Kuna nini, dada?"

"Nipeleke kwenye tundu la hewa. Nitakueleza njiani."

Khamisi hakuuliza zaidi. Walikwenda kwa pikipiki, wakiteleza kwenye matope, hadi kilimani ambako tundu linafunguka katikati ya mawe. Sikudhani alilala kifudifudi akaita. Ikaja sauti, lakini haikuwa ya mumewe. Ilikuwa ya Silvano, akiita mama yake.

Waliteremsha kamba. Silvano alitoka kwanza, kisha Hamidu, kucha zimeng'oka. Sikudhani alichungulia tena gizani.

"Na wengine?"

Hamidu alikaa kwenye jiwe, mvua ikimpiga. "Njia ya kuja hapa ina bonde. Tulipoamua kuondoka lilikuwa limejaa. Castory na Ulimboka wamechukuliwa na maji."

"Hamidu..."

"Walitaka kupanda tangu mwanzo. Castory alikuwa ameshashika taa. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia, anayegonga ni mke wangu, na mke wangu hasemi uongo."

Sikudhani alimweleza yote: baraza, nyundo, mlinzi. Hamidu alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa. Hakumlaumu hata kwa neno moja. Hakumshika mkono pia.

Mlango ulipofunguliwa, maji yaliyoingia sokoni yalilowesha miguu tu. Idi ikaliwa. Kwenye maziko Abdulrahim alisimama mbele ya watu akamshukuru Sikudhani kwa kuwatuliza wafanyakazi katika saa ngumu, akatangaza kwamba baraza linampa usimamizi wa stesheni. Watu wakaitikia kwa kumwombea dua.

Aliondoka kabla dua haijaisha. Alikwenda kwa mama yake Castory, mjane aitwaye Generosa, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na majirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akulipe. Wameniambia sauti ya mwisho aliyoisikia ilikuwa yako, na ilikuwa ya faraja."

Sikudhani alimweleza ukweli, wote, bila kujitetea. Majirani wakaanza kutazamana.

"Mbona umekuja kuniambia?" aliuliza Mama Generosa. "Nilikuwa nimeshapata pa kuulaza moyo wangu. Sasa niulaze wapi?"

Akamgeuzia mgongo.

Leo Sikudhani na Hamidu wanaishi juu, Dodoma, kwenye chumba cha kupanga Area D. Hamidu anachomelea madirisha ya nyumba za watumishi. Sikudhani anauza chumvi na visu vya kwao kwa wanafunzi wa chuo kikuu, Chimwaga, ambao humpiga picha bila kumwomba. Treni za Mwambachini zinatembea kama kawaida. Gangi mpya ilipatikana upesi, maana hakuna aliyeambiwa kitu.

Hamidu si mkali. Hushukuru akipewa chakula, husalimu akiamka. Ila mkewe akimwambia kwamba maji ya kuoga yamechemka, huinuka, akaenda kuyagusa mwenyewe.