Laini Moja, Mtu Mmoja

Shangazi yangu hakupokea simu hata mara moja bila kwanza kuvua hereni ya sikio la kulia. Aliivua kwa vidole viwili, akaifumbata kiganjani, ndipo aseme haloo. Alianza kazini, ambako hedifoni nzito ya zamani ilikuwa ikibana hereni na kumuumiza, akaendelea hivyo hivyo hata alipostaafu na kununuliwa simu ya kioo ambayo haikulazimu kugusana na sikio kabisa. Simu inaita, inaita, sisi tumemtolea macho, yeye bado anahangaika na kishikizo.

"Shangazi, itakatika!"

"Atasubiri. Kama ana shida ya kweli hatakata."

Alikuwa opereta wa simu kwenye kiwanda cha nguo. Swichibodi yake ilikaa katika chumba kidogo chini ya ngazi za jengo la utawala, chumba kisicho na dirisha, chenye feni iliyogeuka upande mmoja tu na kukwama. Simu zote za kiwanda, za kuingia na za kutoka, zilipita mikononi mwake. Wafanyakazi walimwita Mama Laini. Alijua nani anaumwa, ndoa ya nani inalegalega, nani ameahidiwa kazi kwingine, na hakuna mtu aliyewahi kusikia jambo likitoka kinywani mwake. Wasichana waliokuja kujifunza kazi kwake aliwaambia: "Ukishaunganisha, unatoa sikio. Wanaozungumza ni wawili. Wewe wa tatu hupo."

Mumewe alifariki mapema. Aliishi peke yake katika vyumba viwili vya ghorofani, juu ya duka la rangi na misumari, na kibaraza chembamba kilichotazama uwanja wa mafundi baiskeli. Alikipenda kibaraza hicho kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Asubuhi aliweka kiti pale, akawasikiliza mafundi wakitukanana kwa mapenzi, akanywa chai yake polepole. Baada ya kustaafu, pensheni ilimtosha, mpaka mwenye nyumba alipopandisha kodi. Pengo halikuwa kubwa. Lilikuwa dogo la kukera, la kumfanya mtu aone kama akinyoosha mkono kidogo tu atalifikia.

Mwanawe, binamu yangu, anaishi mji mwingine na mke na mabinti. Alikuwa amekwisha kumwandalia chumba cha nyuma, alale na wajukuu wawili.

"Mama, ya nini kuhangaika? Njoo ukae na sisi, upumzike."

"Nimechoka na nini hata nipumzike?" alimjibu. Kwangu alisema wazi zaidi: "Mwanangu, nawapenda wale watoto. Lakini kule nitakuwa mgeni asiyeondoka."

Ndivyo alivyojikuta kwenye semina ya chama cha wastaafu, na mimi pembeni yake kwa sababu alitaka mtu wa kumfafanulia. Mtoa mada alikuwa kijana wa viatu vyenye ncha, aliyezunguka ukumbini na kipaza sauti ingawa tulikuwa wachache na tulimsikia vizuri bila hicho. Baadaye tulimwita Mwalimu wa Linki.

"Wazazi wangu, mnapata pesa mkiwa mmelala!"

Shangazi akanyoosha mkono. "Nikilala, nani anapokea simu?"

"Hakuna simu, mama. Ni linki. Mtu anabonyeza linki yako, anaingia kwenye duka la mtandaoni, ananunua, duka linakupa kamisheni."

"Na yeye bei inamwongezekea?"

"Haiongezeki hata senti."

"Sasa hiyo yangu inatoka mfukoni mwa nani?"

"Kwa duka, mama. Wewe umemwelekeza mteja."

Aliyekuwa mlinzi wa kiwanda akadakia kutoka nyuma: "Mimi nimekaa getini maisha yangu yote nikielekeza watu. Kamisheni yangu iko wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi hakucheka. Alikuwa amekunja uso, akimtazama kijana yule kama anayemsikia mtu kwenye laini yenye mikwaruzo.

Jumamosi iliyofuata nilimfungulia akaunti kwenye duka moja linalouza vitu vya nyumbani. Nikamwonyesha anavyopata linki ya pasi, ya blanketi, ya birika la umeme. Alirudia kila hatua kwa sauti. Nilijifanya naelewa yote. Ukweli ni kwamba lile swali lake la pesa inatoka kwa nani lilikuwa limenikaa kichwani, na kila nilipolijibu moyoni jibu lilitoka tofauti.

Kwa muda mrefu hakikuingia kitu, na hatukujua kwa nini. Alipiga simu kutwa. Aliwajua watu wengi, na watu waliifurahia sauti yake, kwa hiyo pasi zilinunuliwa, blanketi zilinunuliwa, wenyewe walimpigia kushukuru. Akaunti ilibaki kavu kama sakafu ya benki. Nilihisi duka linamdhulumu. Nikaandika malalamiko makali, kisha nikamwuliza kabla ya kuyatuma: "Hebu niambie, shangazi, ukimpata mteja unafanyaje?"

"Nampa namba ya msichana wa pale dukani, anayepokea simu za oda. Ana adabu sana yule binti. Wanaongea wenyewe."

"Na linki?"

"Linki ya nini tena? Namba ya moja kwa moja ipo, nimpitishe kwangu kwa sababu gani? Huko si kumsumbua mtu?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye alinitazama bila kuelewa kinachochekesha. Nilipomweleza kwamba malipo yanakuja pale tu mtu anapopitia kwake, alisema, "Kazi yangu yote ilikuwa kuondoka katikati. Hii inataka nibaki katikati?"

"Kidogo tu, shangazi."

"Haya. Tujaribu."

Mwalimu wa Linki alikuwa ameshauri linki moja, itupwe kwenye kundi la wastaafu, kila mtu aibonyeze atakavyo. Hilo shangazi alilikataa katakata. Kwake watu wote kwenye laini moja ni fujo, kila mtu anamsikia mwenzake. Akagundua mwenyewe kwamba akaunti inamruhusu kutengeneza linki nyingi na kuipa kila moja jina. Basi akamtengenezea kila mtu yake. FUNDI UMEME. MAMA PACHA. MLINZI. MENEJA. Laini moja, mtu mmoja, kama kwenye swichibodi.

Na kazi ikaenda. Mtu akinunua, simu ililia kengele ndogo na ujumbe ukaja: Hongera, linki yako FUNDI UMEME imeuza pasi. Hongera, linki yako MAMA PACHA imeuza mashuka. Alinisomea kila ujumbe kama anayesoma telegramu. Ilifika siku akalipa kodi yote bila kuazima popote. Jioni ile alimpigia mwanawe.

"Kile chumba cha nyuma wape watoto wachezee."

"Mama, una uhakika?"

"Mimi nina kazi, baba. Usinisumbue saa za kazi."

Meneja alikuwa mkuu wa kiwanda enzi zao. Mrefu, mkavu, mtu wa kupanda ngazi mbili mbili na kumgombeza karani kwa kupiga miayo. Sasa alikuwa mgane, akiishi peke yake. Alikuwa amemwomba shangazi amtafutie birika zuri la umeme, na akapelekewa linki yake kama wengine.

Ujumbe uliokuja haukuwa wa birika. Hongera, linki yako MENEJA imeuza nepi za watu wazima, pakiti kubwa.

Nilipofika alikuwa ameiweka simu mezani kifudifudi.

"Nimekosea wapi?" aliniuliza. "Mimi nilimtumia birika."

Nikamweleza. Mtu akishaingia kwa linki yako, chochote atakachonunua humo kinahesabiwa kwako, hata kama wewe hukukitaja.

"Na mimi naambiwa amenunua nini."

"Unaambiwa."

"Yeye anajua kwamba naambiwa?"

"Sidhani."

Aliinuka, akaenda kibarazani, akarudi, akakaa tena palepale. "Basi nimesikiliza," alisema.

Nilimwambia hajasikiliza, ni mashine tu imetuma ujumbe. Nilimwambia huo ni uzee, hauna aibu, sisi sote tunaelekea huko. Maneno yangu yalikuwa ya kweli, na nilipoyasema yalisikika kama ya Mwalimu wa Linki.

Mwezi uliofuata ujumbe ulikuja tena. Na uliofuata. Wengine wakinunua pasi wamemaliza, pasi haimalizwi kila mwezi. Lakini Meneja alirudi kila pakiti ilipoisha, kupitia linki ile ile aliyoihifadhi kwenye simu. Yeye ndiye aliyekuwa mteja wa kudumu. Kodi ya kibaraza kile ilisimama juu ya jambo ambalo mzee yule asingelitamka mbele ya mtu. Shangazi akaacha kunisomea ujumbe. Kengele ikilia, aliangalia pembeni, kama vile kuna mtu amejikwaa mbele yake na hataki kumwaibisha kwa kumtazama.

Kisha Meneja akapiga. Nilikuwepo. Shangazi alivua hereni, akanionyesha mlango kwa kidevu, nikatoka kibarazani. Lakini siku hizo masikio yake yalikuwa yamepungua nguvu, akawa ameongeza sauti ya simu hadi mwisho, nami nikasikia pande zote mbili.

"Mama Laini."

"Bosi. Shikamoo."

"Marahaba. Lile birika bado sijalinunua."

"Halina haraka, bosi."

Chini yangu fundi mmoja alikuwa anagonga rimu.

"Hivi, hii linki yako," akasema Meneja, na sauti iliyokuwa ikitetemesha makarani ilikuwa imepungua upana. "Nikiingia nayo humo dukani, wewe huko kuna kitu unaona?"

"Ninaona birika tu, bosi."

"Birika tu?"

"Birika tu. Lile nililokutumia, lenye kifuniko cha bluu."

"Basi vizuri. Maana hawa watu wa mitandao siku hizi..."

"Ni wambea, bosi. Wambea kupindukia."

Akacheka. Sikuwahi kujua kwamba mtu yule anacheka. Wakaagana.

Niliporudi ndani, shangazi alikuwa amenyoosha simu kunielekea.

"Nifutie hii akaunti."

"Shangazi! Tufute ya kwake peke yake."

"Na wengine je? Leo fundi umeme kanunua pasi, sawa. Kesho nitamwona ananunua nini?"

"Basi tutengeneze moja ya wote, kama alivyosema mwalimu. Hutajua nani ni nani."

"Nitajua kuna mtu. Nitaanza kuwaza ni yupi. Unadhani akili inakaa kimya?" Alikuwa ananong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu. "Zamani nilisikia mengi, mwanangu. Laini zilikuwa zinaingiliana, utafanyaje. Lakini nilisahau kabla ya chai, na hakuna aliyenilipa kwa kusikia. Hili ninalipwa."

"Duka bado litajua."

"Duka halimjui."

"Na nyumba? Kibaraza?"

Alitazama nje, ambako fundi bado alikuwa anagonga. "Nimemwambia sioni," alisema. "Sasa inabidi nisione."

Nikaifuta. Simu iliuliza kama tuna uhakika, ikauliza tena, na kila ilipouliza nilitamani aghairi.

Alijaribu kukaa. Alipunguza sukari, akauza kabati la vyombo, akafundisha binti wa jirani namna ya kupokea simu ofisini. Pengo likabaki palepale, dogo, la kukera. Mwisho binamu yangu alikuja na pikapu, akashusha godoro na kiti cha kibarazani bila kusema neno la ushindi, nami nilimshukuru kwa hilo. Mafundi baiskeli waliacha kutukanana wakasaidia kubeba.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na halijanyooka. Meneja hakudhurika. Angeendelea kununua, shangazi angeendelea kukaa kwenye kiti chake asubuhi, na hakuna mtu ambaye angelia. Kila nikipiga hesabu hiyo inatoka sawasawa. Halafu naikumbuka sauti ya yule mzee ikiuliza kama kuna kitu kinaonekana, na hesabu yangu inavurugika, naanza upya.

Nilimtembelea shangazi kwa mwanawe mara ya mwisho wiki chache kabla ya kifo chake. Chumba cha nyuma kilikuwa safi, chenye hewa, na wajukuu walikuwa wamebandika picha zao juu ya kitanda chake. Walikuwa wakimpenda, ilionekana. Simu ya nyumba ililia sebuleni na mabinti wakaikimbilia wakisukumana. Yeye alijiinua nusu, akakaa tena. Alinisindikiza hadi getini, akanishika mkono juu ya kiwiko, akawa haniachii. Nilidhani anataka kunituma kitu.

"Hebu niambie wewe uliyesoma," alisema, "maana mimi bado sijaelewa. Kule mtandaoni, mimi hasa nilikuwa nauza nini?"